Kabla ya kushuka handaki la Greenbrier: maandalizi ya anayekwenda mkutano wa madini

Ukialikwa kwenye mkutano wa madini katika hoteli ya The Greenbrier, White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia, Marekani, panga kwanza siku ya kushuka handakini, yaani maficho ya zamani ya Bunge la Marekani yaliyo chini ya hoteli, ambayo sasa hutembelewa na wageni, kisha ndiyo uchague mada za kusikiliza. Wengi hufanya kinyume, na wanapokumbuka ziara nafasi zimeshajaa. Watu huingia kwa makundi, kila kundi na mwongozaji wake, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90. Slaidi za mada uliyoikosa unaweza kutumiwa kwa baruapepe. Handaki halitumwi.

Uliza pia kama ada ya mkutano inajumuisha ziara. Mara nyingi tiketi yake hununuliwa peke yake.

Linalowashtua wengi ni simu. Simu, kamera na vifaa vingine vya kielektroniki haviruhusiwi ndani, kwa kuwa sehemu ya handaki hilo siku hizi inatumika kuhifadhi data za wateja. Kwa hiyo, ikiwa tiketi yako iko kwenye simu, ichapishe. Saa janja nayo iache chumbani, ni kifaa kama vingine. Waambie wa ofisini kwamba kwa saa moja na nusu hutapatikana, hasa kama wewe ndiye unayepigiwa pampu inapogoma. Beba daftari dogo na kalamu, maana hutatoka na picha hata moja.

Soma historia yake kidogo kabla ya kufika, la sivyo utaona korido za zege tu. Handaki lilijengwa kati ya 1958 na 1961, ujenzi wake ukifichwa nyuma ya upanuzi wa hoteli, bawa linaloitwa West Virginia Wing. Lengo lilikuwa kulihifadhi Bunge la Marekani endapo vita vya nyuklia vingezuka, na mradi ulipewa jina la siri, Greek Island. Waliolitunza walijifanya mafundi wa televisheni wa hoteli, chini ya kampuni iliyoitwa Forsythe Associates. Televisheni za wageni walizitengeneza kweli. Kazi yao nyingine ndiyo haikutajwa. Siri ilidumu hadi tarehe 31 Mei 1992, mwandishi Ted Gup alipoianika katika gazeti la Washington Post, na baada ya hapo serikali ikaliachia.

Kwa mtu wa mikutano, mahali pa kusimama muda mrefu ni ukumbi wa maonyesho. Kwa miaka 30 hivi wageni waliokuja kwenye mikutano ya kawaida walipanga mabanda yao humo na kugawiana kadi za biashara, bila kujua kwamba tayari wako ndani ya handaki. Mlango mzito wa chuma ulikuwa hapo hapo, umefichwa nyuma ya ukuta wa kukunja uliobandikwa karatasi ya mapambo. Ukifika, jaribu kupiga hesabu hatua ngapi zilimtenga muuza mitambo na mlango ule.

Sasa maswali. Mtu wa mgodini akishuka popote huanza na hewa na njia ya kutokea, na hapa usiache desturi hiyo. Handaki lina milango minne: mitatu hutokea kwenye eneo la nje na mmoja huingia hotelini. Muulize mwongozaji hewa ilivutwa wapi na ilichujwaje, kisha fuatilia maji na mafuta: kulikuwa na matangi matatu ya maji ya galoni 25,000 kila moja, na matatu ya dizeli ya galoni 14,000 kila moja. Linganisha na idadi ya vitanda, zaidi ya 1,000, uone mpango ulivyobana. Usisahau bawaba. Mlango wa tani 25 hufunguka kwa nguvu ya pauni 50 tu, yaani kilo 23 hivi, na fundi yeyote wa mitambo atataka kujua walivyousawazisha. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kushukia.

Ila usishuke ukitarajia mgodi. Handaki limechimbwa kwenye kilima, nawe utatembea kwa miguu kwenye sakafu ngumu. Kofia ngumu haihitajiki. Viatu vya kutembelea vinahitajika, na viatu vipya vya mkutanoni vitakuumiza. Asiyevumilia sehemu zilizofungwa amwambie mwongozaji mapema, kabla mlango haujapitwa. Hakuna madirisha, na kundi hutembea pamoja. Anayesafiri na watoto wadogo aulize umri unaoruhusiwa.

Mavazi ya jioni ni habari nyingine. Chumba kikuu cha chakula kwa desturi hudai koti na tai, kwa hiyo sanduku lako libebe nguo za aina mbili.

Anayetoka nje ya Marekani aanze mambo ya viza mapema na kuomba barua ya mwaliko kwa waandaaji. Na kama utasafiri kwa treni, treni iitwayo Cardinal, ya kampuni ya Amtrak, husimama ng'ambo ya barabara kutoka hotelini, lakini hupita siku tatu tu kwa wiki. Ukichukua ziara ya siku ya mwisho, linganisha kwanza saa ya kutoka handakini na saa ya treni, maana huko chini hutakuwa na simu ya kuangalia kama imechelewa.