Mazoezi ya Kusimama Imara kwa Mtu Asiyeona

Mwili husimama wima kwa kutegemea taarifa za macho, za sikio la ndani, na za misuli, maungio na nyayo. Kwa mtu asiyeona vizuri, kazi kubwa huangukia hizo mbili za mwisho, na ndiyo maana baadhi yao hutembea kwa hatua fupi, miguu ikiwa imepanuka na kiwiliwili kikiegemea nyuma. Mazoezi yanaweza kurekebisha mkao huo.

Kwanza, daktari wa macho aulizwe kuhusu chanzo cha tatizo. Mwenye glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, aepuke kuinamisha kichwa chini ya kiuno au kubana pumzi anaponyanyua uzito, kwa kuwa vyote hupandisha shinikizo la jicho. Naye ambaye retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka asiruke wala kunyanyua vizito hadi aruhusiwe.

Mfanya mazoezi asimame peku mbele ya meza nzito isiyoteleza, isipokuwa kama kisukari kimemwondolea hisia za miguu, ambapo avae viatu. Ashike meza kwa mikono miwili, ahamishie uzito polepole kulia na kushoto, kisha kwenye vidole na kwenye visigino, huku akitambua ni sehemu ipi ya unyayo inayobeba mwili. Akizoea, aunganishe miguu. Baadaye aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine na kutulia kwa sekunde 10. Mikono nayo ipunguzwe hatua kwa hatua, hadi kibaki kidole kimoja kinachogusa meza bila kuiegemea. Mguso huo mwepesi hauubebi mwili, bali huupa habari ya mahali ulipo, kwa hiyo usiharakishwe kuondolewa.

Anayeelekeza asiseme "fanya hivi". Aseme, "Rudisha mguu wa kulia nyuma kwa urefu wa unyayo mmoja." Maneno yakiwa hayatoshi, aombe ruhusa kabla ya kumgusa, au, lililo bora zaidi kwa maoni yangu, amwache mwanafunzi aweke mkono kwenye goti na nyonga ya mwalimu wakati tendo linafanyika.

Akishaimarika, aongeze kutembea kwa kasi na mwongozaji, wakishikilia kamba fupi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, wakiwemo wenye ulemavu.