Umekatwa na chaza Sahare? Fanya hivi kidonda kifunge vizuri

Sie wa Tanga tunajua, maji yakikupwa ukikanyaga chaza mguu unachanika hatari, na cha kwanza mtu anakimbilia spiriti. Acha bana, spiriti inaua hadi seli zinazotakiwa kuziba hapo. Osha na maji safi yanayotiririka na sabuni, toa mchanga na vipande vyote vya gamba, paka mafuta ya mgando kidogo, funga bandeji safi, badilisha kila siku. Kama pamechanika sana nenda ukashonwe.

Sasa huko ndani iko hivi: seli zako zimekaa kwenye wavu wa nyuzi za protini, kubwa yao kolajeni, na wavu ukikatika mwili unasuka kwanza wa harakaharaka, alafu miezi inavyopita unaubomoa kidogokidogo na kusuka mgumu zaidi. Ndo maana wiki ya 3 ngozi imefunga ila nguvu yake haijafika hata nusu, we unarudi kuvuta juya panaachia. Hata mwaka ukiisha kovu linafika kama asilimia 80 tu ya ngozi ya mwanzo.

Kula samaki, maharage, na machungwa ya Muheza (yamejaa tele, huna kisingizio) maana bila vitamini C kolajeni haishikani. Sigara acha. Sindano ya pepopunda kachome mapema kama hukumbuki ya mwisho lini, na kikivimba, kikitoa usaha au homa ikipanda, hospitali siku hiyohiyo, vidonda vya bahari havina utani.