Kusoma Ukiwa Kazini Bila Kuishiwa Ari

Mtu anayefanya kazi mchana huku akisomea shahada ya uhasibu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya masomo ya masafa, mara nyingi hukwama kwa sababu anasubiri hamu ije ndipo afungue kitabu. Hamu hiyo haiji saa mbili usiku, baada ya foleni ya kurudi Mbagala na mtoto anayetaka kusaidiwa hesabu. Anza kusoma kwanza, nayo itakufuata.

Chagua jambo ambalo hulikosi kila siku, kisha usomee hapohapo. Kwa wengi ni chai ya alfajiri: ukishabandika birika saa kumi na moja, keti usome mpaka maji yachemke, hata kama ni ukurasa mmoja. Anayeswali anaweza kusoma akimaliza uradi, kabla nyumba haijaamka. Muda uwe mfupi kwa makusudi, maana aliyechoka hukubali dakika kumi na kukataa saa nzima.

Maandalizi hufanywa usiku, na hapa ndipo ninapokazia zaidi. Kabla ya kulala, acha daftari wazi mezani, kalamu juu yake, na uandike swali moja utakaloanza nalo, kwa mfano: "Kwa nini uchakavu wa gari hupunguza faida ilhali hakuna fedha iliyotoka?" Ukiamka hutakabiliwa na kozi nzima, bali na swali hilo tu. Simu iachwe ikichaji chumba kingine. Mimi niliwahi kuilaza kifudifudi pembeni ya daftari, na haikunisaidia kitu.

Ukiwa umesimama kwenye daladala usijilazimishe kusoma. Sikiliza maelezo uliyojirekodi, au pumzika.

Kila siku uliyosoma itie alama ya vyema kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya msiba au ya kuuguza itapita bila alama, na hilo halina neno, ila kesho yake soma japo aya moja. Jumapili jioni zihesabu. Zikiwa chini ya nne kwa majuma mawili mfululizo, usijilaumu, badili saa: jaribu mapumziko ya saa saba mchana, wenzako wakiwa bado kwa mama ntilie.