Kushona nguo za watoto njiti na za watoto waliofariki: mwongozo kwa vikundi vya Dorkasi

Vikundi vya Dorkasi (wanawake wa kanisa wanaoshonea wahitaji), WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na umoja wa wanawake katika makanisa mengi ya Tanzania havikosi cherehani wala mafundi. Kinachokosekana ni patani, yaani kielelezo cha kukatia nguo, ya mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya wakati. Kundi huchukua patani ya mtoto mchanga wa kilo tatu, hupunguza kidogo kila upande, hushona nguo hamsini za kupendeza na kuzipeleka hospitali. Wauguzi hupokea kwa shukrani, kisha nguo hulala kabatini. Zinapitia kichwani, na mtoto mwenye dripu mkononi na mrija puani havalishwi nguo ya kupitia kichwani. Basi kanuni ya kwanza ya kazi hii: kila nguo ifunguke yote, ilale bapa mezani kama khanga, mtoto alazwe juu yake, ndipo ifungwe.

Hatua ya 1: Zungumzeni na muuguzi mfawidhi wa wodi kabla ya kununua kitambaa

Nendeni wawili, si kumi. Ulizeni wodi inatumia nini sasa, ukubwa gani unakosekana, nani hufua nguo na kwa maji ya aina gani, mtoto akifariki familia hukabidhiwa vipi, na nani atapokea mzigo na kuutunza. Ulizeni pia kama wodi ina huduma ya kangaruu, yaani mtoto kufungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kwa sababu jibu hilo hubadilisha kila mtakachoshona. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto njiti akae ngozi kwa ngozi na mama au ndugu kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Mtoto wa kangaruu huvaa nepi, kofia na soksi tu. Nguo nzito yenye mikono mirefu inamtenga na joto la kifua cha mama, ambalo ndilo anaandaliwa alipate. Joto la chumba likishuka chini ya nyuzi 22 huongezewa kizibao cha pamba kisicho na mikono, kilicho wazi mbele. Kwa hiyo kundi la Njombe kwenye baridi litashona vizibao vingi, na la Dar es Salaam kwenye joto litashona kofia zaidi.

Hatua ya 2: Kitambaa

Kwa walio hai tumieni pamba ya kuvutika, ile ya tisheti. Haichanikichaniki kwenye kingo, kwa hiyo haihitaji pindo nene, na pindo nene kwa mtoto wa gramu 1,100 ni kama kamba chini ya mgongo. Tisheti za mitumba zinafaa sana, maana zimefuliwa mara nyingi na zimelainika. Kateni mbali na maandishi yaliyochapwa. Epukeni nailoni na poliesta, hazinywi jasho. Epukeni pia nyuzi zenye manyoya, huingia puani.

Rangi ziwe za kupauka. Muuguzi anahitaji kuona damu ikivuja kitovuni au pale sindano ilipochomwa, na rangi nzito huificha. Njano iacheni kabisa, kwa sababu inamchanganya anayetazama kama mtoto ana umanjano.

Kitambaa kipya kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya mche isiyo na manukato, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Wanaoruka hatua hii hugundua baada ya mfuo wa kwanza kwamba kofia imepungua sentimita moja, na kwenye kichwa cha sentimita 26 sentimita moja ni nyingi.

Sindano iwe ya jezi, yenye ncha ya mviringo, namba 11. Sindano ya kawaida hukata nyuzi na kuacha vitundu vinavyokua kila nguo inapofuliwa. Kama mnatumia cherehani nyeusi inayopiga mshono wa moja kwa moja tu, wekeni urefu wa mshono milimita 2 na mkivute kitambaa kidogo sana wakati wa kushona, la sivyo uzi utakatika siku kofia itakapovutwa.

Hatua ya 3: Kofia

Anzeni hapa. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo inayohitajika kuliko zote, kwa kuwa kichwa cha mtoto njiti ni kikubwa kulinganisha na mwili wake na joto hupotea huko kwa wingi.

Kateni mistatili hii, upana ukifuata upande unaovutika:

- Chini ya gramu 1,000 (kichwa sentimita 22 hadi 25): upana 23, urefu 13.
- Gramu 1,000 hadi 1,500 (kichwa 26 hadi 28): upana 26, urefu 15.
- Gramu 1,500 hadi 2,500 (kichwa 29 hadi 33): upana 30, urefu 17.

Kunjeni mstatili katikati, upande mzuri ukiwa nje. Juu, kateni pembe zote mbili ziwe mviringo kama nusu yai. Shoneni ubavu ulio wazi na mviringo wa juu, nusu sentimita kutoka ukingoni. Mshono umetokea nje, na ndivyo tunavyotaka: ndani kuwe laini, kwa sababu mtoto hulalia upande mmoja wa kichwa kwa muda mrefu na alama ya mshono hubaki kwenye ngozi. Fundi aliyezoea kugeuza nguo atakasirika kuiona. Mwacheni akasirike. Mkunjo wa chini pindeni sentimita 3 kwa nje bila kuushona, ili muuguzi aushushe au aupandishe kulingana na kichwa na mirija.

Msiweke lastiki, inabana. Msiweke pomponi wala ua, mtoto hugeuzwa kila upande na kitu kigumu kitamchoma. Kama mnafuma, mfumo uwe wa kubana bila matundu: kidole cha mtoto wa kilo moja ni chembamba kama njiti ya kiberiti na kinanaswa.

Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutoa kofia 30 za ukubwa wa kati.

Hatua ya 4: Kizibao

Vipimo hivi ni vya mtoto wa gramu 1,000 hadi 1,500, mwenye kifua cha sentimita 25 hivi. Kateni mstatili wa upana 34 na urefu 18. Ukunjeni katikati kwa upana. Mkunjo huo ndio uti wa mgongo. Kutoka kwenye mkunjo pimeni sentimita 6 kwenye ukingo wa juu, wekeni alama ya chaki. Hapo ndipo katikati ya kwapa. Kateni umbo la U lenye upana wa 3 na kina cha 6, alama ikiwa katikati yake.

Sasa mna mgongo na vipande viwili vya mbele. Kila bega liwe na upana wa sentimita 2.5. Nyuma, kati ya mabega, chimbeni shingo kina cha sentimita 1. Mbele, kuanzia bega linapoishia, kateni mshazari hadi ukingo wa mbele, sentimita 7 chini. Mkikata shingo ya mviringo badala ya mshazari, kitambaa kitajikusanya chini ya kidevu na kuziba kifua ambacho daktari anataka kukiona kikipanda na kushuka.

Kingo za mbele na chini zipinde sentimita 1 kwa nje, mshono mmoja. Makwapa na shingo yaacheni bila pindo.

Mabega hayashonwi. Kipande cha mbele kinalala juu ya cha nyuma kwa sentimita 2 na kufungwa kwa velkro au kibonyezo cha plastiki. Chuma hapana, maana huonekana kwenye picha ya eksirei na mtoto itabidi avuliwe. Velkro ina mtego wake: upande wenye kucha ushonwe kwenye bega la nyuma ukitazama juu, ule wa manyoya kwenye bega la mbele ukitazama chini. Ukigeuza, kucha ndizo zinazomgusa mtoto. Mbele, kipande kimoja kinapita juu ya kingine kwa takriban sentimita 7 na kufungwa ubavuni kwa vikamba viwili vya kitambaa hicho hicho. Urefu wa kila kikamba usizidi sentimita 10, usitoshe kuizunguka shingo.

Kwa ukubwa wa chini ya gramu 1,000 punguzeni upana hadi 30 na urefu hadi 16. Kwa gramu 1,500 hadi 2,500 ongezeni hadi 40 na 21.

Kitambaa cha kumfungia mtoto kifuani hakina ufundi. Ni mraba wa mita moja wa pamba laini, unaokunjwa pembe kwa pembe na kufungwa mgongoni kwa mama. Khanga iliyozeeka inatosha, na akina mama wengi huja na yao.

Hatua ya 5: Nguo za watoto waliofariki

Hapa vipimo vinaanzia chini kuliko wengi wanavyodhani. Mimba ya wiki 20 ikitoka, mtoto ana urefu wa sentimita 25 hivi na uzito wa gramu 300. Wodi ikikosa kitu cha ukubwa wake, hufungwa kwenye shashi au kitambaa cha hospitali, na hivyo ndivyo mama anavyokabidhiwa.

Ngozi yake huchubuka kwa kuguswa tu, na huvuja maji. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua patani. Msishone mfuko wa kumwingiza. Shoneni kitambaa cha kumkunjia: kateni vipande vitatu vya sentimita 16 kwa 42, poplini nyeupe kwa nje na flaneli mbili za kunyonya kwa ndani. Poplini na flaneli ya kwanza zitazamane pande nzuri, flaneli ya pili juu yake. Shoneni kuzunguka, acheni pengo la sentimita 6, geuzeni, zibeni pengo kwa mkono, pigeni pasi. Mtoto analazwa juu yake, sehemu ya chini inakunjwa sentimita 16 kupandia kifuani, na sentimita 8 zinazobaki juu zinafunika kichwa. Wekeni utepe jozi mbili ubavuni, kila upande. Hakuna kinachovutwa wala kusukumwa.

Kwa wiki 26 hadi 30 shoneni gauni lenye mgongo wazi. Kwa mtoto wa wiki 28, mwenye sentimita 36 hivi, kateni umbo la T: kiwiliwili upana 20, mkono hadi mkono 34, urefu kutoka begani 32, kina cha mkono 9. Nyuma iwe vipande viwili, kila kimoja kikizidi katikati kwa sentimita 3 ili vipandiane. Mkono lazima uwe mpana: muuguzi hupitisha vidole vyake viwili kutokea nje, hushika kiganja cha mtoto na kukivuta taratibu. Mkono mwembamba wa kupendeza hauvaliki. Nyuma wekeni utepe shingoni tu. Akitazamwa kwa mbele, mtoto amevaa gauni kamili.

Kuna wanaopenda kutumia magauni ya harusi yaliyotolewa. Kwetu gauni la harusi mara nyingi ni la kukodi, kwa hiyo msilitegemee. Mkilipata, satini yake ni nzuri kwa nje, lakini neti na shanga zinakwaruza, na poliesta hainyonyi, hivyo bitana ya pamba ni lazima. Lesi moja nyembamba kifuani inatosha.

Shoneni pia vitambaa viwili vidogo vinavyofanana, sentimita 10 kwa 10. Kimoja huenda na mtoto, kingine mama hubaki nacho.

Msitarizi msalaba. Nguo hizi huenda kwa atakayezihitaji, na muuguzi hana muda wa kuchambua dini usiku wa manane. Waislamu watataka sanda: tengeni vipande vyeupe vya pamba vya mita moja kwa mita moja, bila lesi, utepe wala maandishi. Kadi ya sala iwe pembeni kwenye bahasha, itolewe kwa anayeitaka. Na kadi hiyo isiandike "Mungu ana mpango" wala "utapata mwingine". Jina la mtoto, nafasi ya tarehe, mstari wa zaburi, basi.

Hatua ya 6: Ukaguzi, kufua, kufungasha

Hesabuni pini mwanzo na mwisho wa kila kipindi. Sindano ikivunjika, kazi isimame hadi vipande vyote vipatikane. Sumaku chini ya meza husaidia. Mtu mwingine, si aliyeshona, apitishe vidole ndani ya kila nguo akitafuta uzi unaoning'inia. Uzi mrefu unaweza kuzunguka kidole na kuzuia damu.

Fueni tena, anikeni juani, kisha pigeni pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Hii si urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zinazoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi ya anayezivaa. Joto la pasi huyaua mayai.

Fungeni kwenye vifungashio safi vya plastiki vinavyoonyesha kilichomo, nguo kumi za ukubwa mmoja. Andikeni nje kwa tarakimu: "kofia, gramu 1,000–1,500, vipande 10". "Ndogo" na "kubwa" hazimsaidii mtu anayetafuta saa tisa usiku. Nguo za waliofariki ziwe kwenye sanduku tofauti lenye kifuniko, liandikwe wiki tu, "20–24" au "26–30", na likabidhiwe mkononi kwa muuguzi mfawidhi. Lisipite katikati ya akina mama wenye watoto vifuani.

Picha za kukabidhi zipigwe kanisani kabla ya kuondoka, si wodini. Baada ya miezi miwili rudini mkaulize ukubwa gani umeisha na upi haujaguswa, na mkate kitambaa kinachofuata kwa hesabu hiyo.