Kabla ya kutupa ndoano Mto Trent: maandalizi ya kuvua paiki na barbeli

Kwetu mvuvi akirudi nyumbani huulizwa swali moja tu: umepata nini? Na jibu linaonekana kwenye sufuria. Uvuvi wa paiki na barbeli, samaki wawili wa maji baridi, katika mito ya Uingereza hauna jibu hilo. Samaki huvutwa, hupimwa, pengine hupigwa picha, kisha hurudishwa majini akiwa hai, na mvuvi huenda zake mikono mitupu akiwa ameridhika. Nilipohamia Nottingham, mji wa England ulio kando ya Mto Trent, nilichukua muda mrefu kulikubali jambo hili. Sasa nalipenda kwa dhati, na ushauri wangu kwa mwenzangu anayetaka kuanza unatoka hapo: kabla hujanunua fimbo ya kuvulia, nunua vitu vya kumrudishia samaki.

Vitu hivyo ni vitatu. Cha kwanza ni wavu wa kupokelea wenye mdomo mpana na nyuzi laini zisizo na mafundo. Mafundo hukwangua ute unaomkinga samaki na magonjwa, na hata sheria inayakataza. Cha pili ni mkeka mnene wa sponji, ambao unaulowesha maji ya mto kabla ya kumlaza samaki juu yake. Cha tatu ni koleo ndefu, inchi 12 hivi. Paiki ana meno mamia yaliyoinama kuelekea kooni, na kidole kikiingia humo hakitoki kizima. Wengi huanza kwa fimbo ya bei kubwa na koleo ndogo ya fundi umeme. Hapo ndipo samaki wanapokufa.

Barbeli wangu wa kwanza nilimpata jioni moja ya Agosti. Ni samaki wa rangi ya shaba, ana sharubu nne mdomoni na ni wa ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Victoria, na nguvu zake zinamshangaza kila anayemnasa mara ya kwanza. Hakati tamaa: hupigana mpaka anaishiwa kabisa. Nilimtoa, nikampiga picha, nikamwachia. Akageuka tumbo juu. Mzee aliyekuwa akivua jirani aliingia majini na buti zake, akamshika taratibu chini ya tumbo na kumwelekeza kichwa kule mkondo unakotoka, ili maji yapite kwenye matamvua. Kila nilipodhani basi, aliniambia, "Bado. Bado hajawa tayari." Tulikaa hivyo kama dakika kumi, ndipo samaki akapiga mkia na kuondoka. Tangu siku hiyo barbeli wangu hupumzika ndani ya wavu, majini, kabla sijamnyanyua, na hupumzika tena kabla sijamwachia. Wala simweki kwenye wavu mrefu wa kuhifadhia samaki, kwa sababu mwiba wa pezi lake la mgongoni una meno kama msumeno na hunasa kwenye nyuzi.

Jambo la pili ni kalenda, na lenyewe halina mjadala. Mito ya England hufungwa kwa uvuvi huu kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, siku zote mbili zikihesabiwa, ili samaki wazaliane. Tarehe 16 Juni ni kama sikukuu kwa wavuvi wa huku, wengine hukesha kando ya mto wakisubiri saa sita ya usiku. Ila ndani ya msimu wa kuvua kila samaki ana wakati wake. Barbeli ni wa maji ya uvuguvugu, kuanzia kiangazi mpaka majani yanapoanza kupukutika, na hula vizuri jua likizama. Paiki ni wa baridi, Oktoba mpaka mito inapofungwa katikati ya Machi. Usimtafute paiki wakati wa joto. Kwa sura ni mkali kama mzia wa pwani, mwili mrefu na taya la kutisha, lakini maji ya moto yana oksijeni kidogo na akichoka humo anaweza kufa hata baada ya kuogelea mbele ya macho yako. Hata barbeli mimi humwacha kipima joto changu kikionyesha mto umepita nyuzi 20 na maji yamepungua.

Kuhusu karatasi: leseni ya fimbo hutolewa na Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya England, na unaweza kuinunua mtandaoni kwa dakika chache. Kila mwenye umri wa miaka 13 na zaidi lazima awe nayo. Wa miaka 13 hadi 16 huipata bure lakini ni lazima aichukue. Kuvua bila leseni faini yake inaweza kufika pauni 2,500. (Uskoti ina taratibu zake, usizichanganye.) Wageni wengi wanakosea hapa: leseni haikupi haki ya kukaa popote ukingoni. Kingo za mito zina wenyewe, aghalabu mkulima, klabu au halmashauri ya mji, na kwao unahitaji kibali cha pili, ama tiketi ya siku ama uanachama wa mwaka. Kwa anayeanza, klabu ndogo ya mtaani ina faida kuliko unavyodhani, kwa sababu ndani yake utakuta wazee wa namna ya yule aliyeniokolea samaki. Anayeishi London ana bahati ya kipekee, kwani Thames kuanzia Staines kuteremka ni haki ya umma kuvua, mradi ukingo unaokanyaga uwe wazi kwa watu.

Na kuhusu kitoweo, nisikufiche. Sheria inaruhusu kuchukua kutoka mtoni paiki mmoja kwa siku asiyezidi sentimita 65, endapo mwenye eneo ameruhusu, na klabu nyingi haziruhusu. Barbeli usimfikirie kabisa: mayai yake yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha vibaya. Ukitaka samaki wa kula, kiangazi nenda baharini ukavue makrili, ambaye ni kibua wa huku, na baharini hudaiwi leseni ya fimbo.

Sasa zana. Kwa barbeli chukua fimbo ya futi 11 au 12 yenye ukinzani (test curve, yaani uzito unaoikunja ncha yake mpaka pembe mraba) wa ratili 1.75 hivi, na mshipi wa ratili 10 hadi 12. Usivue na mshipi mwembamba ukidhani ni uungwana. Ukikatika, samaki anabaki akiburuta ndoano na chubwi. Chambo ni nyama ya kopo iliyokatwa vipande vya mraba, au peleti za chakula cha samaki, pamoja na mbegu za hempu (mmea wa jamii ya bangi, si mkonge) zilizochemshwa ambazo hutiwa kwenye kikapu kidogo kinachozama chini na kuzimwaga polepole. Barbeli hula sakafuni, juu ya changarawe, kwa hiyo lazima chambo kikae chini. Kuhusu chubwi zenyewe, tangu mwaka 1987 zile za madini ya risasi za uzito wa kawaida, kuanzia gramu 0.06 mpaka 28.35, zimepigwa marufuku kwa sababu bata maji wakubwa walikuwa wakizimeza na kufa. Ukipewa sanduku la zamani la babu wa mtu, zitoe.

Kwa paiki kuna sharti moja lisilo na mbadala: kati ya mshipi na ndoano pawe na kipande cha waya, angalau sentimita 45. Nailoni ataikata mara moja, na atabaki na ndoano kooni. Ndoano nazo zibanwe vinyelea vyake, yaani vile vijimwiba vinavyoizuia isichomoke, kwa koleo ili zitoke kwa urahisi. Ukitumia samaki mfu kama chambo, kibua nusu kwa mfano, usiiache fimbo ukaenda kunywa chai. Kishtua, kile kifaa kinachokuarifu samaki amegusa chambo, kikicheza, vuta papo hapo, usimpe nafasi ya kumeza. Mimi ningemshauri anayeanza atumie chambo bandia cha kurusha na kuvuta, kwa sababu hapo samaki hunaswa mdomoni tu, na unatembea, jambo ambalo Januari ni afya. Lakini nenda na mtu aliyewahi kumtoa paiki ndoano. Kusoma hakutoshi hapa. Lazima uone mkono unavyopita chini ya kifuniko cha tamvua bila kugusa matamvua yenyewe.

Mto nao uogope. Trent na Severn hupanda haraka mvua ikinyesha milimani, hata kama ulipokaa ni pakavu. Environment Agency hutangaza vipimo vya kina cha mito mtandaoni. Vitazame asubuhi kabla ya kutoka, tena siku tatu mfululizo, ujue kama maji yanapanda au yanashuka. Yakiwa yanapanda, baki nyumbani. Vaa jaketi okozi panapo ukingo mwinuko, na mwambie mtu umekwenda wapi na utarudi saa ngapi, maana Desemba saa kumi jioni giza limeanza kuingia. Tazama juu pia: fimbo za kaboni hupitisha umeme, na mvuvi anatakiwa akae umbali wa mita 30 kutoka nyaya za umeme zilizopita juu.

Kuna na ugonjwa ambao Watanzania tunaujua kwa jina letu. Homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyozua taharuki Lindi mwaka 2022, inaishi pia kwenye mito ya huku, kwa njia ile ile ya mkojo wa panya. Funika kila mchubuko, usile mkate kabla ya kunawa, na ukipata homa siku au wiki chache baada ya kuvua, mweleze daktari kwamba ulikuwa mtoni. Hatalifikiria usipolitaja.

Na safari ya kwanza, nenda bila fimbo. Chagua siku ya kiangazi maji yakiwa chini na angavu, vaa miwani ya jua inayokata mng'ao, tembea ukingoni polepole. Utaona pale mkondo unapopita juu ya changarawe na majani marefu ya maji yanavyocheza. Simama. Barbeli akigeuka kula, ubavu wake unamulika mara moja kama kioo. Weka alama ya mti ulio karibu, na ufike hapo tena mwishoni mwa siku ukiwa na wavu, mkeka na koleo.