Tengeneza lugha yako ndogo kabla somo la kompaila halijaanza

Somo la kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya kompyuta, huwatisha wanafunzi wengi wa sayansi ya kompyuta, na naamini chanzo ni mpangilio wake: nadharia hutangulia, lugha inayofanya kazi huja mwisho wa muhula, pengine isije kabisa. Ukiligeuza hilo utafurahia somo. Tengeneza kwanza lugha ndogo mno iliyokamilika, inayopokea maandishi na kutoa jibu. Hapa natumia Python 3.

1. Chagua lugha. Namba nzima, alama za `+`, `-`, `*`, na mabano. Hiyo yatosha.

2. Kata maandishi kuwa tokeni, yaani vipande vidogo vyenye maana: namba au alama.

```
import re
def kata(s):
    return re.findall(r"\d+|[-+*()]", s)
```

Angalia: `findall` huruka kimyakimya herufi isiyoijua. Ukishaielewa hatua hii, irekebishe itoe kosa.

3. Andika sarufi, yaani kanuni za kuunganisha tokeni. Tulia hapa, maana ndipo somo lenyewe lilipo. Alama `|` ni "au", na `*` isiyo ndani ya nukuu ni "rudia mara sifuri au zaidi".

```
jumla   = zao (("+" | "-") zao)*
zao     = kipande ("*" kipande)*
kipande = NAMBA | "(" jumla ")"
```

Kuzidisha kunatangulia kujumlisha kwa sababu `zao` imo ndani ya `jumla`. Hakuna kanuni nyingine iliyofichwa. Kila mstari wa sarufi unageuka kuwa funksheni moja:

```
def jumla(t):
    kushoto = zao(t)
    while t and t[0] in "+-":
        alama = t.pop(0)
        kushoto = (alama, kushoto, zao(t))
    return kushoto

def kipande(t):
    k = t.pop(0)
    if k == "(":
        ndani = jumla(t)
        t.pop(0)
        return ndani
    return int(k)
```

`zao` andika mwenyewe kwa kufuata `jumla`. Kisha jaribu `jumla(kata("10-4-3"))`. Mti sahihi, yaani hesabu iliyopangwa kwa alama, kushoto na kulia, ni `('-', ('-', 10, 4), 3)`, na jibu lake ni 3. Sasa badilisha sarufi iwe `jumla = zao "-" jumla | zao`: utapata 10-(4-3), yaani 9. Igeuze tena iwe `jumla = jumla "-" zao | zao`: funksheni itajiita yenyewe kabla haijala tokeni hata moja, na Python itakukatiza kwa `RecursionError`. Fanya majaribio yote mawili kwa mkono wako. Ndiyo sababu ya kutumia `while`.

Kazi hii ya kutafsiri hesabu ilikuwa utafiti mzito wakati kundi la John Backus pale IBM lilipotoa kompaila ya lugha ya FORTRAN mwaka 1957. Namna ya kuandika sarufi iliyotumika kuieleza lugha ya ALGOL 60, yenye majina ya Backus na Peter Naur, ndiyo mzazi wa hiyo mistari mitatu hapo juu.

4. Tembea juu ya mti. Andika `kokotoa(m)`: kama `m` ni namba, irudishe, la sivyo kokotoa kushoto, kokotoa kulia, kisha tumia alama. Intapreta yako, yaani programu inayotekeleza lugha moja kwa moja, imekamilika.

5. Geuza mti kuwa maagizo. Badala ya kukokotoa, toa maagizo ya kushoto, ya kulia, halafu alama. `2+3*4` inakuwa:

```
WEKA 2
WEKA 3
WEKA 4
ZIDISHA
JUMLISHA
```

Yaendeshe kwa rundo, ambalo ni orodha tu yenye `append` na `pop`. Kisha linganisha na maagizo ya Python yenyewe, ambayo moduli ya `dis` huyaonyesha:

```
import dis
dis.dis("a + b * c")
```

Utakuta mpangilio uleule. Tumia herufi, si namba: ukiipa `2 + 3 * 4`, kompaila ya Python huimaliza hesabu mapema na utaona 14 tu. Si lazima kutumia rundo, lakini. Lugha ya Lua, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2003, hutumia rejista, yaani nafasi zenye namba za kuwekea thamani.

6. Panua. Ongeza majina ya thamani, kisha `kama` na `wakati`, mwisho funksheni. Kwenye funksheni nenda polepole, kwani swali la jina lipi linaonekana wapi lina kina kuliko hesabu zote ulizofanya. Mhadhiri atakapofika kwenye uchanganuzi wa LR, njia ya kusoma sarufi kuanzia tokeni kwenda juu aliyoiasisi Donald Knuth mwaka 1965, mpe ile sarufi ya `jumla = jumla "-" zao | zao` iliyokukwamisha. Huko inakubalika bila shida, na utakuwa na swali zuri la kuuliza darasani: kwa nini?