Kufuga artemia kwenye jangwa la chumvi: chumvi kwanza, mbegu baadaye

Kuna kikundi cha akina mama huku Magarini, Kilifi, nilikuwa nawasaidia kuanza, maswali yakawa mengi, bora niandike mara moja. Artemia ni vile vijidudu vya maji ya chumvi ambavyo hachari (vituo vya kuangulia) za kamba na samaki hulishia vifaranga. Mbegu ilishapandwa kwenye mashamba ya chumvi ya Kilifi miaka ya 1980, kwa hivyo sio kitu kigeni huku.

1. Eneo. Jangwa tupu, yaani ule uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, udongo wa mfinyanzi. Mikoko usiguse. Kuchimba mnajua.

2. Chumvi. Hapa ndipo watu hukwama. Artemia hana silaha yoyote, kila kiumbe humla, chumvi ndiyo uzio wake. Bahari ni kama gramu 35 za chumvi kwa lita, wewe unataka rifraktomita (kifaa cha kupima chumvi) isome 80 kwenda juu ndio umwage mbegu iliyoanguliwa. Na usiniambie utaonja kwa ulimi, nunua rifraktomita, hata ya bei rahisi. Sasa shida iko hivi: maji hukolea haraka yakiwa kina kifupi, lakini artemia wanataka kina, angalau sentimita 40, la sivyo saa nane mchana joto la maji linapita digrii 35 na wanakufa. Kwa hivyo bwawa moja halitoshi!! Tengeneza la kukaushia, pana na la kina kifupi, ukolezee huko halafu ndio ufungulie kwenye bwawa la artemia. Piga hesabu pia, kutoka 35 hadi 80 maji yanabaki chini ya nusu, yaani sentimita 40 zako zilikuwa kama 90 za bahari, utajaza bamvua (maji makuu) baada ya bamvua. Na mlangoni weka wavu wa matundu madogo kabisa, maana samaki mwatiko anavumilia chumvi vizuri tu na akiingia mdogo atakula kila kitu. Anza kaskazi, masika ikikukuta njiani mvua inakurudisha nyuma, na ikinyesha toa yale maji ya juu upesi kabla hayajachanganyika.

3. Kuangua. Gramu 2 za mbegu, yaani mayai makavu ya artemia, kwa lita ya maji ya bahari, hewa kwa nguvu, taa, saa 24. Mwaga jioni, siku hiyo hiyo waliyoangua, wakishaanza kula hawawezi tena kuruka kutoka 35 hadi 80.

4. Chakula. Mbolea ya kuku, ila kwenye bwawa la pembeni, maji yakiwa kijani ndio uyapitishe. Shusha kisahani cheupe: kikipotea kwenye sentimita 25 hadi 35 poa, chini ya 20 acha kulisha, usiku hewa itaisha. Pitisha reki chini mara kwa mara.

5. Kuvuna. Baada ya wiki mbili hivi wanakomaa, vuna wakubwa kwa wavu, wengine waache wazae. Chumvi ikizidi kupanda wanaanza kutaga mayai, upepo unayasukuma ukingo mmoja, chota kila asubuhi kabla jua halijayakaanga. Osha, anika kivulini penye upepo ukigeuza geuza, joto lisizidi digrii 40.